Chupa 240 za bluu: kisa cha "take out" hapa Yiwu

Hiki kisa nimekisimulia mara nyingi kwa mdomo na kila nikikisimulia watu wanacheka, halafu wanasema "aah Wachina bana, Kiingereza hawajui," hadithi inaishia hapo. Mimi naona sivyo kabisa. Mama ninayemsema hapa Kiingereza anakijua, tena cha kutosha kumuuzia mzigo Mwarabu, Mhindi na sisi siku moja kabla ya mchana, kilichomwangusha ni kitenzi kimoja kifupi ambacho kila mtu anajiona anakijua. Take. Na ukichimba vizuri utakuta sisi wenyewe tulimsukuma, tena kwa Kiswahili chetu.

Kwa ambao hawajafika, Yiwu ni mji wa mkoa wa Zhejiang, China, uko chini ya mji wa Jinhua, na soko lake la jumla lina maduka zaidi ya 70,000. Ukiamua kusimama dakika tatu tu kila duka, masaa nane kwa siku, mwaka unakatika na bado hujamaliza. Maduka yenyewe mengi ni vichumba, sampuli zimepangwa ukutani mpaka darini, mwenye duka kakaa kwenye kiti kidogo na kalkuleta mkononi, na kusema ukweli kalkuleta ndiyo lugha kuu ya pale. Kazi yangu ni kuwakusanyia watu mzigo: mteja ananunua kwenye maduka matano sita, vyote vinakuja ghalani kwangu, nakagua, nahesabu, tunapakia kontena linaenda bandari ya Ningbo. Wateja wangu wengi ni Kariakoo, wachache Kampala na Lubumbashi.

Huyu mama anauza chupa za chai. Sisi Waswahili wa huku tunamwita Mama Chupa na anajua tunavyomwita, akisikia tu "chupa" anageuka. Kasoma mpaka sekondari ya chini kijijini kwao Jiangxi, Kiingereza chake kakiokota dukani, kwenye daftari la kava jekundu ambalo maneno yameandikwa kwa herufi za Kichina zenye sauti inayofanana, staili ile ile ya "thank you" kuandikwa sān kè yóu, ambayo ukiisoma kama Kichina ni "gramu tatu za mafuta." Mimi ananiita gē, yaani kaka, japo kanizidi miaka kumi na kitu, hiyo ni heshima ya biashara tu.

Sasa mteja wangu mmoja wa Kariakoo aliagiza kwake katoni 60, nyekundu 40 na bluu 20, kila katoni chupa 12, bei yuan 16 kwa chupa. Jumla yuan 11,520. Akatoa advansi asilimia 30, yuan 3,456, nikaipeleka mwenyewe na risiti nikachukua. Mpaka hapo hakuna shida. Wiki ile ile nikaenda Guangzhou kwa mzigo wa mtu mwingine, na huko nyuma mteja akasikia kuna mwenzake kafungua kontena zima la chupa za bluu pale pale Kariakoo. Akaona bluu atazikalia. Mama Chupa alikuwa naye WeChat, ile app ya meseji ya Wachina, basi badala ya kunitafuta mimi akamwandikia moja kwa moja. Nanakili kama ilivyo maana kisa chote kimo humu:

"Sister take out blue. I take red only 40."

"Ok friend. Blue take out. Red 40. No problem."

"How many days it take?"

"15 day."

"Ok sister take your time. Thank you."

Mteja akanitumia sikrinshoti na kidole gumba, nami nikaipitia juu juu nikiwa kwenye treni, nikaona sawa, bluu imetoka. Hilo kosa nalibeba mimi, nimelikubali.

Siku ya 15 ikaja ile gari ndogo ya mizigo ambayo Wachina wanaiita miànbāochē, gari la mkate, kwa sababu ya umbo lake. Dereva akafungua mlango wa nyuma na kitu cha kwanza kukiona ni bluu. Katoni 20 za bluu zimekaa mbele kabisa, safi, zimefungwa utepe mpya, halafu nyuma yake zile 40 nyekundu. Na karatasi ya kudai balansi: yuan 8,064. Hesabu ya mteja, kwa katoni 40 tu, ilikuwa abakize yuan 4,224. Tofauti yuan 3,840, hela ambayo hakuwa ameipanga.

Nikapiga picha nikamtumia. Zikaja voisi noti tatu mfululizo, ya kwanza anauliza, ya pili anafoka, ya tatu sitaiandika hapa. Kifupi ni kwamba mama ni mwizi, kaona mtu yuko mbali kaamua kumbebesha mzigo. Nikaenda dukani. Mama Chupa naye kavimba, kashika simu ananionyesha kwa kucha ya kidole, "He say take out! I take out! Look, take out!" na akaongeza kwa Kichina kwamba zile bluu zilikuwa nyuma kabisa ya stoo, chini ya mzigo wa mtu mwingine, kijana wake wa stoo kabaki mpaka usiku kuzitoa kwa ajili ya "rafiki." Ndipo nikaelewa kwa nini bluu zilikuwa mbele kwenye gari. Mama aliona anamfanyia mteja hisani.

Hapo nikakaa kwenye kile kiti kidogo nikaisoma meseji upya kwa macho yake.

Kwenye kichwa cha Mama Chupa take ni ná. (Hili ná ni la Kichina, lina sauti inayopanda, msilichanganye na "na" yetu.) Ná ni kushika kitu kwa mkono, kukichukua. Na pale sokoni ndilo neno la kazi, mfanyabiashara akienda kuchukua mzigo kwa mwenye kiwanda wanasema ná huò, kuchukua bidhaa. Out ni chū. Ukiunganisha unapata ná chūlái, kitoe nje, kilete hapa tukione. Kila mteja anayesimama mbele ya duka lake akinyoosha kidole juu na kusema "take out that one," mama anapanda ngazi anakishusha. Kila siku, miaka yote, take out ilikuwa hiyo na haijawahi kumletea shida. Nikabonyeza meseji ile nione tafsiri ya WeChat inasemaje, ikatoa qǔchū, ambayo nayo ni kitoe, kichomoe kilipo. Kwa hiyo hata mashine ilisimama upande wake. Ili aelewe kwamba bluu inafutwa kwenye oda ilibidi asikie bú yào, "sitaki," au qùdiào, ondoa, na hakuna mahali popote kwenye daftari lake jekundu take imewahi kukaa karibu na kutotaka kitu. Mtu ataoanishaje "chukua" na "sitaki"?

Mbaya zaidi ni ile sentensi ya pili. Mteja alidhani "I take red only 40" inafunga mjadala, nachukua nyekundu tu, 40, basi. Mama akaisoma nyekundu ziwe 40 tu, usizidishe. Oda ya mwanzo nyekundu zilikuwa ngapi? 40. Namba ikaoana na karatasi yake, hakuona sababu ya kushtuka. Halafu akajibu "Blue take out, red 40, no problem," na mteja naye akaona jibu linaoana na lake. Yaani wamerudishiana maneno yale yale kama mwangwi, kila mmoja kasikia sauti yake mwenyewe akaridhika.

Sasa upande wetu, na hapa ndipo nilipoacha kumcheka Mama Chupa. Mteja hakuwaza kwa Kiingereza, aliwaza "toa bluu." Angalia hili neno toa. Toa bluu kwenye oda, yaani ondoa. Toa mzigo stoo, yaani uleteni nje. Toa hela, yaani nipe. Toa asilimia tano, yaani punguza. Sisi tunaelewana kwa sababu tunalisikia tangu tukiwa wadogo na jicho linasaidia, lakini fikiria jamaa yangu angemwandikia kijana wake wa stoo pale Kariakoo "toa bluu, nachukua nyekundu 40 tu," unadhani kijana asingeweza kuzipanga bluu barazani? Mimi nina hakika angeweza. Kosa lilishazaliwa kwenye Kiswahili, likavalishwa Kiingereza, likafika kwenye Kichina ambako kuna neno lenye tundu lile lile, likapita bila kugonga popote.

Mama Chupa ana mtoto wa kiume wa miaka 17, anajiandaa na gaokao, ule mtihani wa kitaifa ambao Kiingereza peke yake kina alama 150. Jumamosi alikuwa dukani na kitabu chake cha maneno, vile vinavyopangwa kwa alfabeti, ambavyo wanafunzi wote wa China wana utani navyo kwamba neno la kwanza ni "abandon," kuacha, na wengi wanaishia hapo hapo. Tukamwita tukamuuliza take out ni nini. Akasimama wima kama yuko darasani akataja: kutoa nje, kukata kwenye hesabu, kumpeleka msichana matembezi, na kuangamiza adui. Nne, bila kupumua. Mama akamwangalia kwa fahari. Nikampa simu nikamwambia haya, kati ya hizo nne hii ya mteja ni ipi? Akasoma, akasoma tena, akasema "inategemea mazingira." Nikamwambia mazingira ndiyo hayo unayaona. Akakuna kichwa, akasema basi haijulikani. Na alikuwa sahihi kabisa! Orodha anayo yote kichwani na bado katoni 20 zingekuja vile vile.

Tatizo la take kwa Mchina ndipo lilipo. Ukimpa orodha ya maana kumi na mbili anazikariri zote kwa wiki, kukariri hawana mpinzani, ila dukani maana haiji na namba yake. Take haina uzito wowote yenyewe, inachukua rangi ya kile kinachoifuata. Kichina hakina kitenzi kimoja kinachobeba kazi zote hizo za take, kila kazi ina kitenzi chake, kama sisi tu. Jioni ile nilipokubali kumfundisha Mama Chupa nikaacha kabisa kumwandikia maana, nikachora vitu: picha, dawa, teksi, siku, hela, mzigo. Nikamuuliza kila kitu kwa Kichina wewe unakifanyaje?

Picha anasema pāi, na pāi ni kupiga kwa kiganja, nikacheka maana na sisi tunapiga picha, Mwingereza ndiye anayeichukua, sijui anaipeleka wapi. Teksi anasema dǎ chē, piga gari, kitenzi kile kile cha kupiga simu, dǎ diànhuà, na mtu wa Dar hapo hana haja ya kufundishwa kupiga ni nini. Dawa wao wanakula, chī yào, hata kama ni ya maji, sisi tunakunywa hata kama ni kidonge, kila mtu na ukichaa wake. Hela za advansi wao shōu, kupokea, kwa hiyo "we take deposit" mwanzoni ilimpa shida, alihisi take inamfanya aonekane kama anapora. Siku ndiyo ilinifurahisha zaidi. "It takes 15 days" sisi tunasema inachukua siku 15, tumenyooka na Mwingereza, lakini ná ya Kichina haishiki siku hata kidogo, wanasema yào, inataka siku 15. Na hiyo yào ndiyo hiyo hiyo ya mteja akisema "I'll take it," wǒ yào, naitaka. Nilipomwonyesha kwamba take ya kununua na take ya siku zote mbili kwake ni yào akapiga meza. Alikuwa anazikariri kama maneno mawili ya bahati mbaya, kumbe kwenye lugha yake mwenyewe ni jirani.

"Take your time" alikuja kuniuliza mwenyewe. Kwenye ile meseji aliielewa kama amri, chukua muda wako, maana yake mteja anaujua muda wa siku 15 na anaukubali. Nikamwambia ni màn màn lái, taratibu tu, haraka haina. Akashangaa: sasa kama haraka haina, kwa nini ananipigia kila siku? Hilo nalo sikuwa na jibu, ni tabia yetu tu ya kuandika maneno mazuri ambayo hatuyamaanishi. Na "take care" anayoandikiwa na kila mtu mwisho wa meseji, alikuwa anajua ni kwaheri ila siku moja zamani aliwahi kumuuliza mteja "care how many carton?"

Tulivyolimaliza suala lenyewe: nilimpigia mteja nikamsomea meseji yake polepole kwa Kiswahili, nikamwambia sasa jifanye wewe ndiye unaelekezwa. Akanyamaza, akasema "daah." Mama akakubali kuzirudisha bluu zote 20 kwa sababu ni mzigo unaotembea, kuna watu wengine wanazichukua, ila gari la mkate la kuzirudisha yuan 100 akasema hailipi yeye, na kijana wake aliyebaki usiku anunuliwe chakula. Mteja akalipa gari, chakula nikalipa mimi kwa ile sikrinshoti niliyoisoma kwa jicho moja. Balansi ikarudi 4,224, mzigo ukapakiwa.

Toka siku hiyo nina kanuni moja kwa wateja wangu na hawaipendi maana wanaona nawadharau Kiingereza chao: kwenye oda vitenzi marufuku. Usiandike take, take out, remove, add, andika rangi na namba. "Blue 0. Red 40. Total 40." Hiyo sifuri ndiyo iliyokosekana. Kama mteja angeandika sifuri tu, hata bila kusalimia, kijana wa stoo angelala mapema. Wachina wenye maduka wao wanaipenda sana hii, ndiyo maana nikasema kalkuleta ndiyo lugha yenyewe.

Mama Chupa hakuridhika na kanuni ya kukimbia vitenzi, yeye anataka kuongea. Daftari jekundu sasa lina ukurasa wa take, katikati neno, pembeni vitu nilivyochora, na kila kitu kaandikia kitenzi chake cha Kichina. Anaitumia kila nafasi akiipata, mpaka inapozidi. Wiki iliyopita kanitumia: "Brother, tomorrow 9 o'clock I take you sample." Nikafurahi, sampuli za chupa mpya zinaletwa ofisini, nikachemsha maji ya chai kabisa nizijaribu. Saa tatu ikapita, saa tatu na nusu, saa nne kasoro simu ikaita, naye kwa sauti ya mtu aliyesimama kwenye jua: "Gē, nǐ zài nǎr?" Kaka uko wapi? Yeye yuko geti la soko na gari linanguruma, ananisubiri anipeleke kiwandani nikazione. Kichina kuleta na kupeleka zote ni dài, na kwenye ule ukurasa nilisahau kuchora mtu.